Fungu la Mhunzi

Jiwe la kwanza Kunguru alilisikia akiwa anasugua sufuria. Lilitumbukia mtoni, chubwi, kama kitu kizito ambacho hakikutupwa na mtu. Akatulia na sufuria yake mkononi, povu la sabuni likimchuruzika mpaka viwikoni, akatega sikio. Dirisha la jiko lake lilitazama chini ya daraja, na katika nyumba zote za kichochoro kile hapakuwa na dirisha jingine lililoona tumbo la daraja. Akachungulia. Kwenye tao la katikati, pale ambapo jana palikuwa na mawe meusi yaliyobanana, sasa palikuwa na tundu, na kupitia tundu hilo aliona mawingu.

Akakaa kwenye kigoda. Wakati huo huo juu ya daraja alipita mtu na baiskeli, na mchanga ukamwagika kutoka kwenye lile tundu. Mwenye baiskeli alikuwa anapiga mluzi.

Jina la Kunguru hakupewa na mama yake. Alipewa na kichochoro, mwaka ule aliposikia ngurumo mtoni akatoa watu wote nje, magodoro vichwani, wazee wamebebwa migongoni, kumbe ni lori lililokuwa linashusha kokoto ng'ambo. Kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake, wakasema, na jina likamganda. Yeye hakubisha. Alikuwa mwoga kweli: aliogopa mbwa, aliogopa ngazi, aliogopa radi, na zaidi ya yote aliogopa kugombana na watu. Uoga si dhambi. Shida yake ni moja tu, kwamba siku hofu yako ikiwa na sababu, hupati wa kukusikiliza.

Na hapa lazima nieleze habari ya daraja lenyewe, maana watu wa pale wana akili zao, na bila kuzijua utadhani nimelewa. Kichochoro chao ni cha zamani kuliko barabara na kuliko soko. Kinaanzia kisimani, kinapinda kati ya kuta zilizolainishwa na mabega ya watu, na kushuka mpaka mtoni. Hapo kale walivuka kwa gogo. Gogo likala watu, tena zaidi ya mmoja, ndipo wenye nyumba wa pande zote mbili wakakubaliana kujenga daraja la mawe. Kwa kuwa hawakuaminiana hata kidogo, wakaligawana. Kila nyumba ikapewa fungu lake, ilijenge kwa mawe yake na chokaa yake, na kulitunza milele. Hata leo ukilitazama utaona: hapa mawe makubwa ya waliokuwa na ng'ombe wa kuburuta, pale mawe madogo ya waliobeba kwa vichwa.

Kutoka hapo ikazaliwa sheria ambayo haikuandikwa popote wala haikuvunjwa na mtu. Anayetia chokaa kwenye fungu ndiye mwenye nyumba. Baba akifa, mrithi wake anakwenda darajani mchana kweupe, watu wakitazama, anapaka mwiko mmoja wa chokaa kwenye fungu la kwao, na mambo yamekwisha. Hakuna hakimu, hakuna wakili. Majirani walijivunia sana sheria hiyo, na kwa miaka mingi ilistahili sifa.

Kisha mhunzi akafa bila mtoto. Nyumba yake, iliyokuwa upande wa kichochoro mlangoni pa daraja, ikaporomoka yenyewe, kikabaki kiwanja kizuri chenye magugu. Nyumba mbili zikakimezea mate. Akina Seremala, upande huu, walisema mhunzi alikuwa binamu ya babu yao. Akina Bucha, wachinjaji wa ng'ambo, walisema mhunzi alilelewa kwao na maziwa ya kwao aliyanywa. Wakabishana mpaka vijana wakatoa visu, na wazee, kwa kuogopa damu, wakaamua kwamba mtu yeyote asiguse fungu la mhunzi. Na fungu la mhunzi lilikuwa ndilo tao la katikati.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, kila mtoto wa shule anaijua hiyo. Lakini tao lile lilipopata ufa, mwenye kuuziba angekuwa amejitangazia kiwanja. Basi ufa ukaachwa. Watu waliuruka, waliusimulia, walifundisha watoto wao kuuruka. Nyumba zile mbili ziliendelea kusalimiana, kuozana na kuzikana, na mvua ikaendelea kula chokaa ya marehemu.

Kunguru alikuwa mke wa Seremala. Ng'ambo, kwa akina Bucha, aliolewa mdogo wake wa pekee. Mama yao alifariki mdogo akiwa bado anatambaa, na Kunguru ndiye aliyemlea, akamsuka nywele, akamfundisha kuandika, akamleta pale kichochoroni alipoolewa yeye mwenyewe. Kijana wa Bucha akamwona, akamchumbia. Sasa mdogo alikuwa na mimba kubwa, na karibu kila siku alivuka daraja kuja kunywa chai kwa dada yake.

Hilo ndilo lililomwinua Kunguru kutoka kwenye kigoda. Aliona kwa macho ya moyo mguu wa mdogo wake ukitua pale kwenye tundu. Akakimbilia karakana, mikono ingali na povu.

"Mume wangu, daraja linaanguka."

Seremala alikuwa anapiga randa ubao wa mlango. Hakuinua kichwa. "Mto nao umefurika?"

"Sitanii. Njoo uone mwenyewe. Njoo dirishani."

Akaja, kwa shingo upande. Akainama dirishani akatazama kwa muda mrefu, na Kunguru akamtazama yeye usoni, akisubiri hofu iingie. Haikuingia. Kilichoingia ni kitu kingine.

"Mawe haya yamekaa tangu enzi za babu," Seremala alisema polepole. "Yatakaa mpaka chokaa ikauke. Sasa tuna sababu, mke wangu. Mtu hawezi kutulaumu. Tumeona hatari, tumeziba. Mama! Mama, njoo!"

Mama mkwe akaja na kanga yake begani. Alipoelezwa alicheka mpaka akashika ukuta. "Miaka yote hii uoga wako ulikuwa hasara tupu," alimwambia Kunguru, akimpapasa shavu. "Leo umezaa. Kesho asubuhi tunatia chokaa, na kiwanja chetu."

"Mama, lakini watu wanapita. Tuwaambie wasipite."

"Tukiwaambia, Bucha atatangulia na mwiko wake. Nyamaza, mwanangu. Umefanya vizuri, sasa nyamaza."

Akanyamaza, kwa muda wa kukausha mikono. Alijua wakimkuta anavusha maneno ng'ambo ataonekana msaliti, na ndoa zimevunjika kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini mdogo wake angekuja kunywa chai. Akachukua kikapu kama anayekwenda sokoni, akafika darajani, akavuka kwa kujibana kwenye ukuta wa pembeni, hatua za kunyata, jasho jembamba likimtoka. Chini ya nyayo zake, pale katikati, alisikia mawe yakigongana. Alipofika ng'ambo ilibidi asimame ashike mti.

Mdogo wake alikuwa uani, miguu kaiweka ndani ya beseni la maji kwa sababu ya kuvimba.

"Usivuke daraja," Kunguru alimnong'oneza. "Usinivukie mpaka nikwambie. Tao la mhunzi limetoboka."

"Dada nawe! Mwezi uliopita ilikuwa radi."

"Niapie."

"Haya, naapa. Kaa basi upumzike, unatetemeka."

"Nikikaa wataniuliza nilikuwa wapi. Umeapa, eh? Umeapa."

Hakuona kwamba dirisha la nyuma lilikuwa wazi, wala kwamba Mama Bucha, mama mkwe wa mdogo wake, alikuwa ndani anakunja nguo, akakunja shati lile lile mara kadhaa bila kulimaliza. Mdomo huponza kichwa. Kunguru alirudi kwake akiwa amejipongeza kidogo, na usiku huo mvua kubwa ikanyesha milimani.

Asubuhi mto ulikuwa umebadilika rangi. Ulipanda mpaka kwenye mabega ya nguzo, umebeba magogo na majani, na sauti yake ilijaa jikoni kiasi kwamba birika lilichemka bila kusikika. Kunguru alifungua dirisha huku anaomba kimoyomoyo. Tundu lilikuwa limekua. Mawe ya pembeni yake yalining'inia, yameshikwa na mazoea tu.

Kisha akasikia sauti za watu juu ya daraja. Akatoka nje bila viatu.

Katikati ya daraja, juu kabisa ya fungu la mhunzi, palikuwa na kiti cha mbao. Juu ya kiti alikaa mdogo wake na mwavuli mweusi, tumbo mbele, macho chini. Akina Bucha walimzunguka: mkwewe Mzee Bucha na aproni yake ya kazini, Mama Bucha, mume wa mdogo, shemeji zake. Upande huu wa kichochoro Seremala alikuwa ameshafika na ndoo ya chokaa, na nyuma yake mama mkwe na majirani wa kushangilia.

"Ondoeni kiti!" Seremala alikuwa anasema. "Tunaziba hatari!"

"Zibeni," alijibu Mzee Bucha. "Mwondoeni nyinyi. Haya, nani mwanaume wa kumsukuma mwenye mimba?"

Ulikuwa ujanja wa hali ya juu, na wachinjaji walijua. Mtu akimgusa mwanamke yule amelaaniwa na kichochoro kizima. Wangemkalisha pale mpaka wazee waitwe, na wazee wakikuta mtu wa Bucha amekalia fungu, maneno yangegeuka. Seremala naye hakurudi nyuma. Alipanda darajani na ndoo yake, watu wake wakamfuata, na sasa nyumba mbili nzima zilikuwa zimesimama juu ya tao lile, zinanyoosheana vidole.

Kunguru alishikwa na hofu ambayo hajawahi kuijua, na yeye hofu alizijua karibu zote. Aliona kila mguu juu ya lile daraja, kila mguu na uzito wake, na katikati ya miguu yote ile miguu minne ya kiti. Ni yeye aliyewaleta pale. Alimwambia mumewe, ikaja chokaa. Alimwambia mdogo wake, kikaja kiti. Laiti angenyamaza, mdogo angekuwa uani na beseni lake.

"Shukeni!" alipiga kelele. "Linaanguka! Nimeona kwa chini, halina kitu! Shukeni wote!"

Wakageuka. Mtu mmoja akacheka, kisha wengine.

"Kunguru amelia," alisema shemeji mmoja wa ng'ambo. "Beba godoro lako, mama."

"Mzee Bucha, nakuomba, baba yangu. Njoo dirishani kwangu, utazame mara moja tu. Mara moja."

"Niingie nyumba ya Seremala?" Mzee Bucha alitikisa kichwa. "Nikitoka nikute chokaa imeshapakwa. Kamdanganye mwingine, binti."

Akamgeukia mumewe. "Wewe uliona! Waambie ulichokiona!"

Seremala akasita. Kunguru alimwona akisita, na maisha yake yote hakuja kukusahau kule kupepesa macho kidogo. Kusema tao ni bovu kabisa ni kuwaita wazee, wahandisi, serikali, na kiwanja kuondoka. "Kuna ufa," alisema. "Ufa wa kuzibika. Rudi ndani, mke wangu."

Akabaki mdogo wake. Kunguru alikanyaga daraja, hatua moja, ya pili, na hapo miguu ikagoma. Hakuweza. Alisimama kwenye fungu la akina Seremala lenye mawe makubwa, imara, akanyoosha mkono kama mtu anayemwita mtoto aliye majini.

"Mdogo wangu, inuka. Uliniapia. Inuka uje kwangu."

Mdogo akainua macho. Yalikuwa mekundu. Akamtazama dada yake, akamtazama Seremala na ndoo yake, akarudi kwa dada.

"Jana uliniambia nisivuke," alisema. "Leo asubuhi mumeo ana chokaa. Ulitaka nisiwe njiani, dada. Mama mkwe amenieleza yote. Wamekutuma, nawe ukakubali kutumwa."

"Hapana. Wallahi hapana."

"Nenda nyumbani, dada."

Hapo jiwe jingine likaanguka. Kunguru alilisikia, kwa sababu masikio yake yalikuwa yanalisubiri. Wengine walisikia mto na makelele yao wenyewe. Kiti kiliinama kidogo upande mmoja. Mume wa mdogo akakinyoosha, akaweka kijiwe chini ya mguu wake, akaendelea kutukana.

Maneno yamekwisha, Kunguru alifikiri. Ukweli ukitoka kinywani mwangu unakuwa mali ya Seremala. Akalia kidogo, si kwa sauti. Alitaka kukimbia kama siku zote, kuingia ndani, kufunga dirisha na kujifunika kanga mpaka kelele ziishe. Akatazama huku na huko akitafuta pa kukimbilia, na macho yakaangukia magugu ya kiwanja cha mhunzi, pale pale mlangoni pa daraja, na jiwe la kizingiti lililobaki peke yake.

Akaelewa kitu gani pekee kingewatoa wale watu darajani. Kufa hawakuogopa. Kukosa waliogopa. Sheria ilitaja fungu, si kizingiti, lakini wenye tamaa wakiona chokaa hawangesimama kuuliza.

Kando ya ukuta wa daraja palikuwa na mwiko wa akiba na karai la chokaa ambalo Seremala hakuwa amelibeba bado. Kunguru akavichukua vyote viwili. Chokaa ikamwagika miguuni na kuanza kumwasha. Akaingia kwenye magugu mpaka kwenye kizingiti, akaokota jiwe, akalibandika, akalipiga kwa mpini wa mwiko, kisha akapaza sauti aliyoifahamu kuwa si yake.

"Oneni! Oneni nyote na mshuhudie! Kiwanja hiki nimekitia chokaa kwa mkono wangu! Si cha Seremala! Si cha Bucha! Changu mimi! Nimeingia kwa jina langu mwenyewe!"

Darajani vidole vikashuka, watu wakageuka.

"Amesemaje?" aliuliza mama mkwe.

"Changu!" Akabandika jiwe la pili. "Mkichelewa najenga ukuta!"

Wakaja. Walikuja wote kwa pamoja, akina Seremala na akina Bucha, wanaume wakiruka ndoo, wanawake wakikusanya kanga, na ndipo Kunguru alipoona kosa lake. Hakuwa amefikiria vishindo. Daraja lote lilitetemeka chini ya mbio zile, mchanga ukamiminika kutoka kwenye tao kama unga kutoka kwenye chekeche, na kiti kikatikisika pale katikati na mdogo wake juu yake. Kunguru alipiga yowe, na waliokuwa wanamkimbilia wakadhani anawatukana.

Wa kwanza kumfikia alikuwa mumewe. Alimpokonya mwiko kwa nguvu mpaka kidole kikateguka. "Umenigeuka? Mke wangu mwenyewe?" Mama mkwe akamvuta kilemba. Mama Bucha, mwanamke mnene ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alifika akihema, akamzaba kofi la kwanza kisha la pili. Tangu mhunzi afe, nyumba zile mbili hazikuwahi kupata kazi ya kufanya pamoja. Sasa zilikuwa nayo. Mtu akampiga teke la paja. Mtu akamsukuma, akaanguka kwa uso kwenye kizingiti, akahisi jino limevunjika na chumvi ya damu.

Na bado kupitia katikati ya miguu yao alikuwa anatazama daraja. Lilikuwa tupu. Hapakuwa na mtu mwingine juu yake, ila kiti, na mwavuli, na mdogo wake aliyeambiwa akae na akakaa.

Aliambiwa akae, basi ndivyo alivyolelewa. Kunguru ndiye aliyemlea hivyo. Usibishane na wakubwa, alimwambia maelfu ya mara, ukiambiwa jambo na wakwe zako litimize, sisi hapa ni watu wa kuja. Hofu yake yote aliimwaga ndani ya mtoto yule kijiko kwa kijiko tangu utotoni, na sasa mtoto amekaa nayo juu ya tundu. Kunguru alifungua mdomo kumwita, damu ikamziba koo, ikatoka sauti ya kukoroma tu. Teke jingine likamkuta mbavuni. Akafumba macho. Hakutaka kuona.

"Mwacheni!"

Akafumbua. Mwavuli ulikuwa umeanguka. Mdogo wake alikuwa amesimama, mkono mmoja chini ya tumbo, kiti kimelala chali nyuma yake.

"Mwacheni dada yangu! Mtamuua! Mwacheni!"

Akaanza kuja. Hakukimbia, hakuweza kukimbia. Alitembea ile tembea nzito ya miezi ya mwisho, miguu iliyovimba, viatu vya mumewe. Akavuka ufa kwa kuuruka, kama kila mtu alivyofundishwa pale. Akafika kwenye mawe madogo ya watu waliobeba kwa vichwa. Akafika kwenye mawe makubwa. Kunguru alihesabu kwa pumzi, kila pumzi inauma. Mdogo akatoka darajani, akaingia kwenye magugu, akawasukuma akina Seremala na akina Bucha bila kuchagua, na kwa kuwa hakuna wa kumsukuma mwenye mimba, wakampisha. Akapiga magoti, akamfunika dada yake kwa mwili.

Tao halikuanguka kwa kishindo kikubwa. Lilikaa tu chini, kama mtu aliyechoka kusimama. Kiti kilitangulia, mwavuli ukafuata, kisha mawe ya mhunzi yote kwa pamoja, na mto ukayameza na kurusha maji machafu mpaka kwenye kuta za kichochoro. Zikabaki nguzo mbili na kati yake hewa.

Mume wa mdogo alianza kutembea kuelekea darajani, akasimama, akakaa chini njiani akashika kichwa. Mama Bucha alikuwa anatazama viganja vyake. Mzee Bucha aliiangalia nyumba yake ng'ambo, mlango wazi, nguo zinapepea kwenye kamba, akawa kama anayejaribu kukumbuka ni nani anaishi pale. Seremala bado alikuwa ameshika mwiko. Alitaka kumwinua mkewe, akanyoosha mkono, na Kunguru akajikunja kwa woga. Basi akaurudisha mkono, akasimama pale, hajui auweke wapi.

Wale ndugu wawili walibaki kwenye magugu. Mdogo alichukua ncha ya kanga yake, akaitia mate, akaanza kumfuta dada yake chokaa na damu usoni, taratibu, kuanzia kwenye jicho. Wote wawili walikuwa wanatetemeka, na haikujulikana tetemeko la huyu linaishia wapi na la yule linaanzia wapi.

"Dada."

"Mm."

"Nisamehe. Hata mimi niliamini. Uliposema changu, nikajua kweli unakitaka, umetuzunguka sote."

Kunguru akamtazama kwa jicho lake moja lililofunguka.

"Sasa mbona ulikuja?"

Mdogo akashangaa swali lenyewe.

"Walikuwa wanakupiga," alisema.